Glasgow, Meli ya Seyyid Barghash

Wageni ninaowatembeza Forodhani, Unguja, wengi huja na habari moja tu: vita vya dakika 38, vifupi kuliko vyote duniani. Baadhi yao huicheka. Mimi huwageuza wakatazama bahari, nikaanza kuwahadithia habari za meli.

Tufani ya Aprili 1872 iliangamiza vyombo vya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, papa hapa bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata ikatia nanga manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, naye akaipenda. Akaagiza ya kwake kwa William Denny, waunda meli wa Uskochi: milingoti mitatu, mtambo wa mvuke, na ndani mapambo ya kifalme. Ilikamilika 1878, kwa zaidi ya pauni 32,000, ikapewa jina lile lile. Malkia Victoria akamtunukia mizinga midogo saba.

Ilipofika, Seyyid hakuridhika nayo. Ikakaa kwenye nanga mwaka baada ya mwaka, na huku nchi inapungua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara. 1890 visiwa vikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Barghash alishafariki 1888. Wakatawala ndugu zake, Khalifa kisha Ali, halafu Hamad bin Thuwaini, na meli ipo pale pale mbele ya kasri.

Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad akafa. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Admirali Rawson akamtaka ateremshe bendera kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hapo ndipo Glasgow iliporudi kazini: meli iliyoundwa kwa matembezi ya mfalme, ikikabili manowari tano za Kiingereza.

Mizinga ya Waingereza ilipolia, na vita vile vya dakika 38 kuanza, mabaharia wa Glasgow waliielekezea yao St George, manowari kubwa kuliko zote zilizokuwepo. St George ikajibu, ikaitoboa. Wale wa Glasgow wakapandisha bendera ya Kiingereza kuashiria kusalimu amri, mashua zikawaokoa. Upande wa Khalid, watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa mmoja.

Maji yalikuwa haba pale Glasgow ilipozama, milingoti ikabaki juu. Ilionekana hivyo katika utawala wote wa Hamoud, aliyetawala baada ya vita hivyo, na wa mwanawe Ali, mpaka 1912 mabaki yalipokatwakatwa na kutupwa bahari kuu. Kwa miaka 16 kila jahazi lililoingia na pepo za msimu liliipita.

Basi mgeni akinitajia dakika 38, humwambia ahesabu tangu 1886, bara ilipogawanywa na meli imetia nanga. Na watoto wetu wanaosoma historia ningependa wawajue mabaharia wale: waliiona St George mbele yao, wakajua ukubwa wake, na wakapiga.