RNA Zilizodharauliwa na Makovu ya Charcot

Desemba 1993, jarida la Cell lilitoa makala mbili kuhusu mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja hivi. Moja iliandikwa na Victor Ambros, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, nyingine na Gary Ruvkun na wenzake. Walikuwa wamekuta kituko. Jeni iitwayo lin-4 haikutunga protini yoyote. Ilitoa kipande cha RNA chenye herufi 22 tu, ambacho hunata kwenye RNA inayobeba ujumbe wa jeni nyingine na kuuzima. Wanasayansi wengi walisoma, wakasema hayo ni mambo ya minyoo, wakaendelea na shughuli zao.

Tusiwalaumu sana. Walifundishwa kwamba DNA huhifadhi maagizo, RNA huyabeba, na protini ndizo zinazofanya kazi. Tena tangu 1972, Susumu Ohno alipoiita sehemu kubwa ya DNA yetu taka, jina hilo lilikuwa halijafutika. Mwaka 2000 ndipo maabara ya Ruvkun ilipoonyesha kuwa RNA nyingine ndogo, let-7, imo pia ndani ya nzi, samaki na binadamu. Mbio zikaanza. RNA hizo zikapewa jina la maikroRNA, na 2024 Ambros na Ruvkun wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

RNA hizo zilikuja kuhusishwa na ugonjwa wa multipo sklerosisi, au MS, uliokuwa ukisubiri maelezo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kulinganisha dalili za wagonjwa na makovu aliyoyakuta kwenye ubongo na uti wa mgongo baada ya kifo. Leo tunajua kwamba chembe za kinga za mwili hushambulia mielini, utando unaofunika nyuzi za neva. Mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, miguu hukosa nguvu. Nafuu huja, kisha dalili hurudi. Ila nani anazichochea chembe hizo?

Mwaka 2009 ulileta majibu mawili yasiyofanana. Watafiti wa Shanghai waliona kuwa maikroRNA iitwayo miR-326 huongezeka katika damu ya wagonjwa wakati ugonjwa unapoamka, nayo huongeza chembe za kinga za aina ya Th17, zile kali. Walipoizima kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na MS, makali yake yalipungua.

Munich nako, Andreas Junker na wenzake walirudi palepale alipochungulia Charcot, kwenye makovu yenyewe. Katika yale yaliyokuwa bado moto walikuta miR-155, miR-326 na miR-34a zimejaa. Zote tatu huipunguza protini CD47, ambayo seli huionyesha kwa chembe walaji kama raia anavyomwonyesha mgambo kitambulisho. Ikipungua, walaji hula mielini bila kizuizi. Kwangu mimi huu ndio utafiti mzuri kuliko yote katika historia hii, kwa sababu unaonyesha njia nzima, tangu RNA ndogo hadi jeraha.

Mwaka uliofuata, kundi la Ryan O'Connell na David Baltimore huko California lilionyesha kuwa panya wasio na miR-155 hawaugui kwa urahisi ugonjwa wa maabara unaofanana na MS. Si maikroRNA zote zenye madhara, hata hivyo: miR-219 husaidia kukomaza seli zinazotengeneza mielini.

Pamoja na hayo yote, daktari bado hutambua MS kwa dalili, picha za MRI na maji ya uti wa mgongo. Matokeo ya maabara moja mara nyingi hayalingani na ya nyingine, na maikroRNA moja huweza kugusa mamia ya jeni, hivyo kuizima ni kugusa mengi usiyoyakusudia. Kuifikisha dawa ndani ya ubongo ni kazi nyingine kabisa.

Wakati huohuo mshukiwa mwingine amejitokeza. Mwaka 2022, utafiti uliofuatilia zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani ulionyesha kuwa hatari ya kupata MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Na virusi hivyo ndivyo vya kwanza kabisa kugunduliwa, mwaka 2004, kuwa vina maikroRNA zao wenyewe.