Morfini, tramadoli na dawa za usingizi: mwambie daktari kabla ya kuchanganya

Mgonjwa wa saratani anayerudi nyumbani Mkalama au Manyoni na chupa ya morfini ya maji mara nyingi ana dawa nyingine pia. Morfini hiyo, ambayo Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam imekuwa ikiiandaa kutokana na unga, ikitumiwa kwa kipimo cha daktari humwondolea mgonjwa mateso. Msiiogope. Shida huanza inapokutana na dawa nyingine zinazofanya kazi kwenye ubongo.

Ubongo ndio unaotupumulisha hata tukiwa usingizini, na morfini huupunguzia kasi kazi hiyo. Valium, fenobabitoni ya kifafa, pombe yoyote, hata Piriton ya mafua, nazo huutia ubongo usingizi. Moja peke yake mwili huweza kuihimili. Zikikutana, pumzi inaweza kupungua hadi kukatika. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa za jamii ya morfini na za jamii ya Valium kwa sababu hiyo.

Tramadoli ina la kwake. Watu huiona nyepesi, kumbe inaweza kuamsha kifafa. Na anayetumia Tegretol hupata hasara mara mbili: Tegretol hulifanya ini liivunje tramadoli haraka, maumivu yanabaki, naye anaongeza vidonge.

Lakini usiache dawa ya kifafa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Mpelekee daktari dawa zote azione. Anaweza kupunguza kipimo, na wakati mwingine huchanganya kwa makusudi, kama amitriptilini kidogo na morfini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Nyumbani, tazama kifua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipumua chini ya mara 10, akikoroma isivyo kawaida, asipoamka ukimtikisa, au midomo ikibadilika rangi, usimpe dozi nyingine. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri wa kwenda hospitali, beba chupa na vidonge vyote. Ipo sindano ya naloksoni inayoondoa nguvu ya morfini, ila haiondoi ya Valium wala ya gongo, kwa hiyo mhudumu lazima ajue mgonjwa amekunywa nini. Gongo hairuhusiwi kisheria, ndiyo, lakini hapo itaje.