Msimu wa Safari: Istilahi ya Kwenda Mirihi

Wataalamu wa anga wana jina la kipindi kifupi ambacho dunia na sayari nyingine hukaa mkao unaoruhusu safari. Waingereza hukiita dirisha, nasi tumefuata huko huko: "dirisha la urushaji". Mimi napendekeza msimu wa safari. Wavuvi wa Likoni na Kisauni, wanaojua kwamba upepo wa kusi ukishika, bahari haiendeki, hawatahitaji kufafanuliwa.

Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, Mirihi kwa siku 687, na umbali baina yao hubadilika kutoka kilomita milioni 56 hivi hadi milioni 400. Chombo hakielekezwi pale Mirihi ilipo leo, bali pale itakapokuwa miezi saba hivi baadaye. Mkao unaofaa hurudi kila miezi 26 na hudumu wiki chache tu. Ndiyo sababu Julai 2020 vyombo vitatu viliondoka mfululizo: Al-Amal cha Falme za Kiarabu, Tianwen-1 cha Uchina na Perseverance cha Marekani. Chombo kingine cha Mirihi, InSight, kilichogunduliwa kuvuja katika kipima matetemeko, kilikosa safari ya Machi 2016, kikaondoka Mei 2018. (Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka bahari ya Ngomeni, Malindi, haikuwa na shida hiyo, kwani ilikwenda kuizunguka dunia tu.)

Dirisha hueleza nafasi ya kutoka. Kwa mtambo usio na mtu, yatosha. Kwa binadamu haitoshi hata kidogo, kwa kuwa kurudi nako kuna wakati wake. Atakayefika Mirihi kwa njia inayookoa mafuta atakaa huko kama siku 500 kabla njia ya kurudi haijafunguka. Safari nzima itakaribia miaka mitatu. Muda wote huo hewa, maji na chakula viwepo, na mgonjwa atibiwe papo hapo. Hata ujumbe wa redio huweza kuchukua dakika 22 kufika. Mwanaanga Valeri Polyakov alikaa angani siku 437 mfululizo, lakini dunia ilikuwa chini yake, angeweza kuteremshwa kwa saa chache.

Manahodha waliijua hali hii ya kungoja njia ya kurudi. Jahazi la Maskati liliingia Mombasa na kaskazi, likangoja hadi kusi ianze mwezi wa Aprili ndipo lirudi. Kungoja kulikuwa sehemu ya safari, na hesabu ya nahodha iliuhusisha muda huo tangu alipotweka. Neno msimu limebeba kwenda, kungoja na kurudi.

Pingamizi moja ni la haki: Mirihi ina vipindi vyake vya joto na baridi, ambavyo navyo huweza kuitwa misimu, msomaji asije akachanganya. Vipindi hivyo tuviite majira. Nawaomba wahariri wa vitabu vya sayansi waandike msimu wa safari, na panapohitajika kutofautisha, msimu wa kwenda na msimu wa kurudi.