Kiberenge cha Handeni

Mwambie mtu wa Handeni kwamba mji wao uliwahi kuwa na reli, atacheka kwanza. Reli ni ya Korogwe, hilo halina ubishi. Lakini ya Handeni ilikuwapo, na ilisukumwa na watu.

Tuanze na ile kubwa. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893. Ilipofika Muheza 1896 kampuni iliyoijenga ilikuwa hoi kifedha, na 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, mwendo wa kinyonga hasa. Pale Mkumbara, kwenye njia hiyo hiyo, palikuwa na kioja kingine: waya wa chuma uliopanda mlima hadi Shume, kama kilomita 9, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Magogo ya mtarakwa yaliteremshwa yakining'inia juu ya makorongo, yakapakiwa kwenye mabehewa.

Vita vya 1914 vikaonyesha upungufu. Reli ya Tanga na ile ya Kati hazikukutana popote, na baharini Waingereza walikuwa wameziba njia. Wajerumani wakakusanya vyuma vyembamba vya mashambani, vile vya kubebea mkonge hadi kwenye mashine ya korona, upana wa sentimita 60, wakavitandika kutoka Mombo, kupitia Mkalamo, hadi Handeni. Injini ilikuwa migongo ya watu. Kiberenge, kigari cha reli hiyo, ni ubao juu ya magurudumu manne: mlimani wasukumaji huinama mpaka vifua viguse mzigo, na mteremkoni kazi inageuka kuwa ya kukizuia kisiwaponyoke. Mombasa nako vigari vya kusukumwa vilipita mitaani miaka hiyo, ila vya kule vilibeba mabwana waliovaa kofia. Vya Handeni vilibeba chakula na risasi. Mbele ya Handeni hapakuwa na chuma tena. Mzigo ulihamia vichwani mwa wapagazi kuelekea Reli ya Kati.

Majina ya makamanda, Smuts wa Waingereza na Kraut wa Wajerumani, yamo vitabuni. Ya wasukumaji sijayaona popote.

Juni 1916 jeshi la Smuts liliteremka likifuata mto Pangani. Tarehe 9 walipigana Mkalamo, Wajerumani wakarudi nyuma wakifuata njia ya kiberenge, na kabla mwezi haujaisha Handeni ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Reli ya Tanga na ya Kati ziliunganishwa 1963, kutoka Mnyuzi hadi Ruvu. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, nayo hupita Korogwe. Mtu wa Handeni anayeitaka hupanda basi kwanza.