Dawa ya Panya

Huku Dandora hupita jamaa na kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Mtaani kwetu, panya akitajwa na dawa unajua mambo yake yamekwisha. Lakini kuna panya waliopewa dawa ili wawe na akili, na historia yao ilianza na sumu ileile.

Mwaka 1917, Mmarekani Karl Lashley alichukua striknini, sumu iliyotumika kuulia panya, akawapa panya wa maabara kiasi kidogo sana. Kisha akawaingiza kwenye mzingile watafute njia. Waliishika njia haraka kuliko wenzao. Miaka ya 1960, James McGaugh aliwadunga panya dawa za kusisimua ubongo baada ya somo, si kabla. Bado walikumbuka zaidi. Maana yake, somo likiisha, ubongo huwa haujamaliza kazi. Unaendelea kulihifadhi.

Mchanganyiko ulikuja baadaye. Mwaka 1964, Corneliu Giurgea wa kampuni ya UCB, Ubelgiji, alitengeneza piracetam. Mwaka 1981, Raymond Bartus na wenzake waliwapa panya wazee piracetam pamoja na kolini, kirutubisho kilichomo kwenye mayai na maini. Panya hao walikumbuka mara kadhaa kuliko waliopewa piracetam pekee. Kwa binadamu wenye ugonjwa wa kusahau, muujiza huo haukuonekana.

Nikiwa Form Four sikujua haya yote. Tulikuwa na mchanganyiko wetu: kahawa ya unga ndani ya soda, na tembe alizotuuzia msee mmoja akisema ni za akili. Nilikesha siku tatu. Siku ya Hesabu mikono ilitetemeka na fomula zote zikapotea. Nilikuwa nimejinyima usingizi, na usingizini ndimo ubongo hupanga yale tuliyosoma.

Kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine. Katika chuo kikuu kilekile alikosomea McGaugh, Berkeley, Mark Rosenzweig, Marian Diamond na wenzao walilea panya kwa njia mbili. Kundi moja lilikaa na wenzao na vitu vya kuchezea; wengine kila mmoja peke yake kwenye kizimba kitupu. Wale wa kwanza walipata gamba la ubongo zito zaidi. Hakuna aliyemeza kitu.

Sasa turudi mtaani. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa limejaa. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Gigiri, jiji hilihili, lilitoa ripoti. Watoto 328 wanaoishi karibu na jaa walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo, mikrogramu 10 kwa desilita. Si risasi ya bunduki; ni ile metali ya betri na rangi za zamani. Hiyo huharibu uwezo wa kujifunza, kwa panya na kwa mtoto. Malori bado yanamwaga.

Juzi mdogo wangu, anayejiandaa kwa mtihani, aliniuliza kama najua tembe poa za kushika masomo. Nikamwambia alale. Halafu nikainuka nikafunga dirisha, moshi ulikuwa umeanza kuingia.