Google inajuaje unamtaka Simba yupi?

Andika "Simba leo" kwenye Google siku ya mechi. Hukutani na mnyama wa Serengeti, wala mfuko wa saruji, wala yule mtoto wa mfalme wa The Lion King. Mara nyingi juu kabisa unapata Wekundu wa Msimbazi: wanacheza na nani, saa ngapi, wana pointi ngapi.

Zamani haikuwa hivyo. Google ilikuwa inategemea zaidi kulinganisha maneno, si maana yake. Umeandika s-i-m-b-a, inakuletea kurasa zenye neno hilo, kuchambua ni kazi yako.

Wazo lililochangia mabadiliko hayo linaitwa wavuti semantiki, yaani wavuti ambao kompyuta nayo inaelewa maana ya kilichoandikwa. Aliyelipigia debe ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti wenyewe mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva. Mei 2001, yeye na wenzake wawili waliandika kwenye jarida la Scientific American kisa cha kaka na dada wanaomtafutia mama yao kliniki. Programu zao zinaongea na za kliniki, zinalinganisha bima, umbali na ratiba, zinapanga miadi. Wao kazi yao ni kukubali tu.

Inafanyaje kazi? Kumbuka somo la sarufi: kiima, kitenzi, yambwa. Kila taarifa inavunjwa vipande vitatu kama hivyo. "Simba SC, ilianzishwa, 1936." "Simba SC, ina makao, Dar es Salaam." Halafu kila kitu kinapewa utambulisho wake ili kisichanganywe na wajina wake. Kwenye Wikidata, hazina huria ya taarifa iliyoanza Oktoba 2012, Tanzania ni Q924 na Kenya ni Q114, uwe unasoma kwa Kiswahili au Kichina. Ukiunganisha mamilioni ya sentensi hizi, kompyuta inaweza kujibu hata swali ambalo hakuna ukurasa uliowahi kulijibu, mfano klabu zipi za Tanzania zilianzishwa kabla ya uhuru.

Shida ni nani atajaza. Mwaka huohuo wa 2001 mwandishi Cory Doctorow aliikejeli ndoto hii: watu ni wavivu wa kuweka lebo, na wengine watadanganya ili waonekane. Alikuwa na hoja. Mwenye duka la spea atatoa wapi muda huo?

Wakubwa wa kutafuta ndio waliosukuma mambo. Juni 2011 Google, Bing na Yahoo walikubaliana lebo za pamoja, schema.org, zinazowekwa ndani ya ukurasa bila msomaji kuziona: hii bei, hii tarehe, huyu mwandishi. Mei 2012 Google ikaleta Knowledge Graph, hazina inayolisha lile boksi la picha na maelezo mafupi.

Boksi hilo ni tamu, maana linakujibu bila kufungua ukurasa wowote (sisi wa tovuti za habari linatuuma kidogo, nakiri). Lakini likikosea, wengi hawahakiki, wanapiga picha ya skrini na kusambaza kwenye magrupu. Na kitu ambacho hakimo kwenye hazina hizi hakina boksi. Msanii anaweza kujaza uwanja Temeke, lakini kama hakuna aliyeandika sentensi zake tatu tatu, mashine haina cha kumwonyesha.

Roboti za AI za kuchati ni kitu kingine. Zimejifunza kutoka kwenye maandishi mengi, ndiyo maana zinaweza kukutajia mwaka wa uongo bila aibu. Siku hizi baadhi zinaunganishwa na hazina za taarifa ili zitafute kwanza ndipo zijibu.

Unataka kuona pengo lenyewe? Fungua wikidata.org kwenye simu, tafuta wilaya yako au shule uliyosoma. Jina la Kiswahili kama halipo, unaweza kuliongeza mwenyewe. Ukiongeza taarifa kama mwaka wa kuanzishwa, weka na chanzo chake, la sivyo mwenzako anaweza kuifuta.