Tangi Moja Hufika Wapi: Gari la Familia na Mafuta Karagwe na Kyerwa

Umbali wa gari kwa tangi moja ni hesabu fupi: lita zilizomo, mara kilomita zinazokwenda kwa kila lita. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyotoka ndani yake na kuwa wilaya mwaka 2012, hesabu hiyo ilikuwa na kipengele cha tatu: mafuta mengine yako wapi. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichoamua safari.

Petroli ya mwanzo ilifika Bukoba kwa meli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, na baada ya hapo mzigo ulivuka Ziwa Viktoria. Mafuta yalikuja katika madebe ya galoni nne, kama lita 18 kila moja. Petroli ilikwisha, debe likabaki: hadi leo maharage ya Karagwe hupimwa kwa debe.

Magari ya enzi hiyo yalikuwa machache, ya serikali, ya misheni na ya machimbo ya bati ya Kyerwa. Baada ya uhuru lililojulikana zaidi vijijini ni Land Rover. Ile fupi ilikuwa na tangi la galoni 10, yaani lita 45, chini ya kiti cha mbele. Kwenye vumbi na milima, lita moja ilisukuma kilomita tano au sita, hivyo tangi zima lilikwenda kati ya kilomita 225 na 270. Kayanga hadi Bukoba kupitia Kyaka ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi ni 240. Aliyeondoka bila dumu la akiba nyuma alikuwa anabahatisha, hasa wakati wa masika ambapo gari hula mafuta likiwa limekwama topeni mahali pamoja.

Waliomudu gari la nyumbani, yaani walimu wakuu, waganga na wafanyabiashara wa kahawa, walipenda Peugeot na Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Volkswagen hiyo ilibeba lita 40, na zile za kabla ya 1961 hazikuwa na geji ya mafuta kabisa. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kijikoki kufungulia akiba ya lita kama tano, akajua ameanza kuhesabiwa.

Bei ya mafuta duniani ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, mwaka ambao Vita vya Kagera viliisha, ukubwa wa tangi ulipoteza maana. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mafuta yakawa ya mgawo, na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Tangi la lita 50 lililowekewa lita 10 ni tangi la lita 10.

Biashara ilipofunguliwa, kuanzia miaka ya 1990 yalimiminika magari yaliyotumika Japani. Hapo jambo la ajabu kidogo likatokea: matangi hayakukua, lakini safari zilirefuka. Toyota IST ya mwanzo ina lita 45, sawa na ile Land Rover fupi. Ikienda kilomita 13 kwa lita kwenye lami, inafika karibu kilomita 585. Probox ina lita 50. Kilichobadilika ni injini, na barabara pia. Lami ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 60, ilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Upande wa Murongo, mpakani na Uganda, changarawe imeendelea kuila faida hiyo: gari lilelile likiwa na abiria na gunia la ndizi kwenye mlima wa vumbi huweza kushuka hadi kilomita tisa kwa lita.

Milima ina hila nyingine. Geji huongozwa na boya linaloelea ndani ya tangi. Gari likiinama mafuta hukimbilia upande mmoja, na mshale unaweza kushuka mlimani kisha ukapanda bondeni bila tone kuongezwa. Usomaji wa kuaminika hupatikana gari likiwa limesimama mahali tambarare. Kusubiri taa iwake ni tabia mbaya pia, kwa kuwa pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe.

Tangu Januari 2009 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huongezwa kulingana na umbali. Kwa hiyo Kayanga na Kyerwa hulipa zaidi ya Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 1,400 kutoka huko. Vituo sasa vipo Kayanga, Omurushaka na hata Nkwenda, na penye upungufu petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara. Wengi hawajazi tangi, wanataja pesa. Lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta ya elfu ishirini hayafiki lita saba, na kwa IST hiyo ni safari ya kilomita 85 kwenye lami au 60 kwenye vumbi.